Nusu Marathoni ya Moshi: Mbio Zinazoamuliwa na Barabara ya Mweka

Mkimbiaji anayetafuta muda wake bora wa kilomita 21 asiende Moshi kwa ajili hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mwaka usajili unapofunguliwa, wenzetu wa vikundi vya jogging huuliza swali lilelile: je, nusu marathoni ya Kilimanjaro inafaa kwa mtu aliyejiandaa kuvunja rekodi yake binafsi? Haifai. Kwa mtu anayetaka kukimbia mbio za barabarani zenye sura yake, zinazompima mapafu wakati wa kupanda na mapaja wakati wa kushuka, tena katika mji ambao siku hiyo huacha shughuli zake na kutoka nje kumtazama, sijaona katika nchi yetu mbio ninazoweza kuzitanguliza mbele ya hizi.

Kilimanjaro Marathon hufanyika Jumapili ya mwisho wa Februari au ya mwanzo wa Machi, nayo imekuwapo tangu mwaka 2003. Wapo wanaokimbia kilomita 42, wapo wa kilomita 21, na lipo kundi kubwa la kilomita 5 linalokwenda kwa furaha zaidi kuliko kwa saa. Mbio za kilomita 21, ambazo kwa miaka mingi zilifahamika kwa jina la Tigo Kili Half Marathon, ndizo ninazozizungumzia hapa. Wote huanzia na kumalizia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na uamuzi huo naona ni wa busara, kwa kuwa familia inayomsindikiza mkimbiaji hukaa mahali pamoja asubuhi nzima, ikamwona akitoka na ikamwona akirudi, bila kulazimika kutafuta usafiri katikati ya barabara zilizofungwa.

Usajili ni jambo la kushughulikia mapema. Nafasi zina kikomo, na ada hutofautiana kati ya Watanzania, wakazi wa nchi jirani na wageni wa kutoka mbali, utaratibu ambao naukubali kwa sababu bila huo vijana wengi wa mji wenyewe wangebaki kuwa watazamaji. Namba za kifuani hugawiwa kabla ya siku ya mbio, kwanza Dar es Salaam na Arusha, kisha Moshi kwenyewe katika siku za mwisho. Ushauri wangu kwa anayetoka Dar es Salaam ni kuichukua namba yake hukohuko, hata kama foleni ni ndefu, ili siku ya Jumamosi mjini Moshi aitumie kupumzisha miguu badala ya kusimama juani. Vyumba vya kulala navyo hujaa, na anayesubiri wiki ya mwisho hujikuta akilala mbali na mji na kuamka usiku wa manane kutafuta gari.

Sasa niingie katika njia yenyewe, kwa maana hapo ndipo thamani ya mbio hizi ilipo. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita mia nane na ushee kutoka usawa wa bahari. Si urefu wa kumkata mtu pumzi, na anayetoka pwani asitishwe na neno mwinuko kana kwamba anakwenda kukimbia kileleni. Kinachomtesa mkimbiaji si hewa ya Moshi, ni umbo la barabara. Baada ya kutoka uwanjani na kuzipita barabara za mjini, njia huelekea kaskazini, kwenye barabara ya Mweka, na kuanzia hapo ni kupanda. Haina mlima mmoja mkali ambao ukiumaliza unajisifu na kupumua. Ni mpando mrefu, wa polepole, unaojificha, ambao katika kilomita za kwanza macho huona kama tambarare ilhali miguu imekwisha kujua. Mara nyingi utawaona watu wakitazama saa zao kwa mshangao, wakijiuliza kwa nini mwendo wao umeshuka na wao hawajahisi kuchoka. Hawajachoka, wamekuwa wakipanda muda wote.

Mpando wa namna hii unahitaji akili zaidi ya ubavu. Mtu aliyezoea kukimbia kilomita moja kwa dakika sita kwenye barabara tambarare, mwendo ambao ungemfikisha mwisho kwa takriban saa mbili na dakika sita, akijilazimisha kuushika mwendo huohuo kuelekea Mweka atakuwa anafanya kazi ya mtu wa dakika tano na nusu. Moyo utamwenda mbio, joto la mwili litapanda, na atakapofika kwenye kigeuzio, yaani mahali pa kugeukia kurudi, hatakuwa na kitu cha kutumia wakati wa kushuka. Hapo saa ya mkononi haifai kuwa mwongozo. Mwongozo ni pumzi. Ukiweza kumjibu mwenzako kwa sentensi fupi, uko salama. Ukianza kumjibu kwa kutikisa kichwa, punguza, hata kama mzee wa miaka sitini anakupita. Wazee wa Moshi wanaoijua barabara hiyo hupita watu wengi sana asubuhi ile, na hawafanyi hivyo kwa bahati.

Mazingira ya barabara hiyo yanastahili kuelezwa. Kadiri unavyopanda ndivyo mji unavyoachwa nyuma, nyumba zinakaa mbalimbali, na pande zote mbili unaanza kuona vihamba vya Wachagga: migomba mirefu imesimama juu, mibuni chini yake, na mboga zikishika nafasi iliyobaki. Kivuli cha migomba hakiifuniki barabara yote, lakini kuna vipande ambapo ukikaa upande mmoja wa lami unapata hatua mia mbili tatu za ubaridi, na mkimbiaji makini huvitafuta. Watu wa vijiji vya huko hutoka kabisa. Akina mama wenye khanga wamesimama kwenye vichochoro vinavyoingia majumbani, watoto wamenyoosha viganja ili uwagonge unapopita, na vijana wanakupa moyo kwa kukuita kwa namba yako ya kifuani kama hawalijui jina lako. Anga ikiwa safi, Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye urefu wa mita 5,895, kinakuwa mbele yako muda wote wa kupanda, na hapo ndipo anayeanza baadaye anapopata hasara kwa wale waliotangulia, kwa kuwa kadiri asubuhi inavyosonga ndivyo mawingu yanavyopanda na kukifunika. Unaposhuka, mlima uko mgongoni. Kwa hiyo anayetaka kuuona autazame akiwa anapanda, wakati ambapo kutazama chochote ni kazi.

Jambo jingine ninalolipenda katika njia hii linatokana na kuwa ya kwenda na kurudi. Ukiwa bado unapanda, pengine kilomita ya saba au ya nane, utasikia kelele mbele, pikipiki zitapita, kisha watakuja wakimbiaji wa mbele wakishuka. Mbio nyingi za mjini humnyima mkimbiaji wa kawaida nafasi ya kuwaona mabingwa, kwa sababu wanaondoka mbele yake, naye hawaoni tena hadi jukwaani. Hapa wanapita mita mbili kutoka begani mwako. Unaona jinsi wanavyotua kwa sehemu ya mbele ya mguu hata kwenye mteremko, jinsi mabega yao yalivyotulia huku miguu ikienda kwa kasi isiyosadikika, na unasikia jinsi viatu vyao vinavyogusa lami kidogo na kuondoka. Kwa kijana anayeanza riadha, dakika hizo chache ni somo ambalo hakuna kocha anayeweza kulitoa kwa maneno. Nchi yetu imemtoa Fabiano Joseph Naasi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni huko Edmonton mwaka 2005, na imemtoa Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa tofauti ya sehemu chache za mia za sekunde. Wakimbiaji wa namna hiyo hawaanzii kwenye televisheni. Huanza kwa kumwona mtu halisi akipita barabarani.

Baada ya kigeuzio, mbio hubadilika kabisa, na watu wengi hujidanganya kwamba sehemu ngumu imekwisha. Kushuka kutoka Mweka ni raha kwa kilomita mbili au tatu. Pumzi inarudi, saa inaanza kuonyesha mwendo wa kupendeza, na unawapungia mkono wanaopanda. Lakini mteremko hulipisha kwa namna yake. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa na kurefuka kwa wakati mmoja, na kazi ya namna hiyo huiumiza misuli kwa michaniko midogomidogo kuliko kazi ya kupanda. Dalili yake haiji papo hapo. Hutokea karibu na mwisho, njia inaporudi mjini na kupungua mteremko, ambapo mapaja yanakuwa mazito na magoti hayanyanyuki. Nimewaona watu walioshuka kwa kasi ya ajabu wakitembea katika kilomita ya kumi na tisa, tena watu wenye mazoezi ya kutosha, na sababu ilikuwa ni kwamba mazoezi yao yote waliyafanya kwenye barabara tambarare za pwani. Hatua fupi za harakaharaka, mwili ukiegemea mbele kidogo badala ya kuegemea nyuma, ndiyo njia ya kushuka bila kujivunja. Kiatu kinachobana vidole hakifai kabisa, kwa sababu kilomita kumi za vidole kugonga mbele ya kiatu huacha kucha nyeusi.

Anayeishi Dar es Salaam na kutaka kujiandaa ipasavyo atafute vilima vya Pugu na Kisarawe mara moja kwa wiki, na asivipande tu, avishuke pia kwa kukimbia. Watu wengi hupanda kwa juhudi kisha wakashuka kwa kutembea wakidhani wanapumzika. Kwa Moshi, mazoezi ya kushuka ni muhimu sawa na ya kupanda, na pengine zaidi.

Kuhusu vituo vya maji, mpangilio wake ni mzuri. Viko kwa umbali unaokubalika, vijana wanaotoa maji wamejipanga pande zote ili watu wasigongane, na wengi wao wanakupa chupa huku wakikimbia nawe hatua mbili tatu ili isikuponyoke. Katika mbio nyingine za mjini, ambazo si hizi, nimewahi kukuta maji yamekwisha kabla kundi la nyuma halijafika, na najua jinsi hali hiyo inavyoweza kuwa ya hatari kwa mtu anayekimbia saa mbili na nusu au tatu. Kituo cha maji kinapaswa kupimwa kwa mkimbiaji wa mwisho, si wa kwanza. Wa kwanza hana haja kubwa nacho, anamaliza kabla jua halijakolea.

Hilo la jua linanifikisha kwenye jambo ambalo ningependa waandaaji walifikirie. Mwisho wa Februari ni kipindi cha joto Kilimanjaro. Mvua za masika bado hazijaanza, na kwa kuwa tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, jua la majira hayo hupita karibu na utosi. Asubuhi ya mapema hali ni ya kupendeza, lakini anayechukua saa mbili na nusu hurudi mjini katika joto ambalo lami yenyewe inaliongeza, na anayekimbia kilomita 42, ambaye hupandishwa kuelekea Mweka katika nusu ya pili ya safari yake, hulipata kwa ukali zaidi. Ningependa kila kundi lianze mapema kadiri mwanga unavyoruhusu, yaani mara tu macho yanapoweza kuiona lami bila taa. Nusu saa inayookolewa alfajiri ina faida kuliko kituo kizima cha maji kinachoongezwa saa tatu asubuhi. Naelewa kwamba kufunga barabara, kupanga askari wa usalama na kuleta watu uwanjani gizani si kazi nyepesi. Hata hivyo wanaohitaji nusu saa hiyo ndio wengi, na ndio wenye hatari zaidi ya kuanguka kwa joto.

Jambo la pili ni mchanganyiko wa makundi. Barabara moja inapobeba wanaopanda, wanaoshuka, wa kilomita 21 na wa kilomita 42, nidhamu ya kukaa upande wako inakuwa suala la usalama. Wakimbiaji wa polepole wanaokwenda watano watano wakiwa wameshikana mikono na kuimba ni sehemu ya furaha ya siku hiyo, na sitaki waondolewe. Ninachotaka ni kwamba tangazo la lugha ya Kiswahili, la wazi, litolewe kabla ya kuanza: kaa kushoto, acha nafasi ya kupitwa, usisimame ghafla kwenye kituo cha maji bali songa mbele kisha pembeni. Watu wetu wanafuata utaratibu wakielezwa. Vikundi vya jogging, ambavyo vina viongozi wanaosikilizwa kuliko kipaza sauti chochote, vingeweza kupewa kazi hiyo rasmi.

Uwanjani baada ya mbio hali ni ya sherehe kamili. Kuna muziki, kuna mahema, kuna vyakula na vinywaji, na medali inatundikwa shingoni na kijana anayekupongeza kana kwamba wewe ni wa kwanza. Wapo wanaosema kwamba sherehe imezidi riadha. Sikubaliani nao. Mji mdogo unaoweza kuwaleta pamoja bingwa wa kimataifa, mwalimu wa sekondari, mtalii na mama aliyetembea kilomita 5 akiwa na mjukuu wake, kisha wote wakakaa kwenye nyasi za uwanja mmoja wakilinganisha malengelenge, umefanya jambo ambalo viwanja vikubwa vya michezo havilifanyi. Shaka yangu iko mahali pengine: wakati wa kutangaza washindi, kelele za muziki huwa kubwa kiasi kwamba aliyeshinda kilomita 21 anapanda jukwaani na watu wachache tu wanajua ni nani. Dakika kumi za kuzima muziki na kutaja majina, muda na mahali mshindi anapotoka zingewatendea haki vijana hao, ambao wengi hawana siku nyingine ya kusikika hadharani.

Kwa upande wa ushindani, anayefuatilia takwimu aelewe kwamba muda wa Moshi haupaswi kulinganishwa na wa miji tambarare. Kwa wanaume, Jacob Kiplimo wa Uganda alikimbia nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 31 huko Lisbon mwaka 2021, na kwa wanawake Letesenbet Gidey wa Ethiopia akakimbia kwa saa moja, dakika mbili na sekunde 52 huko Valencia mwaka huohuo. Hiyo ni miji ya pwani, yenye barabara zilizochaguliwa kwa ajili ya kasi na hali ya hewa ya ubaridi. Mshindi wa Moshi anayemaliza kwa dakika kadhaa zaidi ya hapo amefanya kazi ya aina nyingine. Ni kwa sababu hiyo napendekeza mkimbiaji wa kawaida aongeze walau dakika tano hadi kumi juu ya muda wake wa tambarare anapojiwekea lengo, na akimaliza ndani ya hapo ajipongeze bila kusita.

Wageni wengi huunganisha mbio na kuupanda mlima, na swali la lipi litangulie limezua ubishi mwingi. Maoni yangu ni kwamba mlima utangulie, ikiwa tu kuna siku tatu au nne za kupumzika kabla ya Jumapili. Anayeshuka kupitia lango la Mweka, ambako wapandaji wa njia ya Machame hutokea, anakuwa tayari ameyapiga mapaja yake kwa kushuka zaidi ya mita 4,000 kutoka kileleni, na akikimbia kesho yake atakuwa anaiumiza misuli ileile mara mbili. Anayekimbia kwanza naye asianze kupanda Jumatatu, kwa maana maumivu ya mteremko hufikia kilele siku moja au mbili baadaye.

Maumivu hayohayo ndiyo sababu ya ushauri wangu kwa wale wanaorudi Dar es Salaam kwa basi. Safari ni ya zaidi ya kilomita 500, na mtu aliyekimbia Mweka asubuhi kisha akakaa kwenye kiti kimoja hadi usiku atashuka stendi akishikilia mlango. Lala Moshi usiku wa Jumapili, tembea taratibu jioni ile, kunywa maji ya kutosha, ondoka Jumatatu, na kila basi linaposimama kwa chakula teremka utembee. Chagua kiti cha kando ya njia ya katikati ili uweze kunyoosha goti bila kumsumbua jirani yako.